Dumuzi wa Kukodi

Zamani alikuwa anatoboa sanduku, na dada yake alikuwa anamtazama kama anavyotazamwa mtu anayejichokonoa pua mbele ya wageni.

"Umepanga matundu kama vifungo vya shati," alimwambia. "Huyo mdudu wako alipitia jeshini?"

"Fanya kazi yako, Fundi," Zamani alijibu bila kuinua kichwa. Midomoni alibana keekee ya akiba, nyembamba kama sindano ya kushonea magunia, kwa hiyo maneno yalimtoka yamepinda. "Mteja hahesabu matundu."

"Hahesabu kwa sababu ameshakubali kudanganywa kabla hajaingia mlangoni."

"Basi si tumeelewana mimi na yeye? Wewe unaumwa na nini?"

Mtaa mzima ulimwita Zamani, kwa kuwa hakuna kitu kilichokaa dukani kwake wiki mbili bila kuwa cha zamani. Sanduku lililotoka benchini likinukia maranda, baada ya siku kumi lilikuwa limekwisha kuwa la babu wa babu wa mtu fulani ambaye familia yake, Zamani angesema huku akishusha sauti, haikutaka kutajwa. Alilichapa kwa mnyororo. Alilipaka maji ya majani ya chai yaliyochemshwa mpaka yakawa meusi. Bawaba alizizika kwenye ndoo ya mchanga wenye chumvi, zikatoka na kutu ya kuheshimika. Mwisho kabisa alichukua drili akatoboa matundu ya dumuzi, akapuliza vumbi, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono. Ungedhani amejifungua.

Dada yake alimdharau kwa hayo yote, na alimdharau kwa raha, kama mtu anavyokaa kwenye kiti alichokizoea. Jambo moja tu hakulipa nafasi kichwani mwake: yale masanduku alikuwa anayaunda yeye. Yeye ndiye aliyekata, akaranda, akaunga pembe zikashikana bila msumari hata mmoja. Hata nta ya rangi ya udongo ya kuzibia nyufa aliichanganya yeye, kwenye kopo la maziwa, juu ya jiko dogo lililo pembeni ya benchi. "Mimi natengeneza sanduku," alizoea kusema. "Uongo anauongeza mwenyewe huko mbele."

Karakana ilikuwa ya marehemu baba yao, nao waliigawana bila kuandikiana. Chumba cha mbele, chenye kioo kinachotazama barabara, alichukua kaka mtu, kwa kuwa ana mdomo. Chumba cha nyuma, chenye mabenchi na msumeno wa umeme, alibaki nacho dada mtu, kwa kuwa ana mikono. Stoo ya mbao iliyokuwa katikati ilikuwa ya wote wawili, yaani hakuna aliyeifagia.

Baba yao alikuwa na ukaidi mmoja. Kila ubao ulioingia, kabla ya kuulaza rafuni, aliupasua pembeni na kuondoa ule ukanda mweupe ulio karibu na gome, akabaki na wekundu wa moyo wa mti peke yake. Mbao zake zilikuwa nyembamba kuliko za karakana zote za jirani, na wateja walinung'unika. Hakueleza zaidi ya neno moja. "Chakula," alisema, akatupa kile cheupe kwenye rundo la kuni. Alikuwa na maana kwamba dumuzi hula weupe, wenye wanga, na moyo wa mti humshinda. Alipokufa, Zamani aliiacha desturi hiyo ndani ya wiki moja. Kutupa robo ya ubao kwa ajili ya mdudu ambaye hata hajabisha hodi! Dada yake aliendelea kuondoa weupe kwenye kazi zake mwenyewe, lakini kwenye masanduku ya kaka yake hakujisumbua. Takataka, alijiambia, hazidai adabu.

Siku ile ya matundu ya vifungo vya shati, mchana, aliingia dukani mwanamke mmoja mkusanyaji wa vitu vya kale, mrefu, mkavu, amevaa miwani mbili: moja machoni, nyingine juu ya nywele. Zamani alimpokea kwa mikono miwili. Alimwonyesha sanduku, akashusha sauti, akaanza habari za babu wa babu. Yule mama hakusikiliza. Alitoa mkobani waya mwembamba, akauchomeka kwenye tundu la kwanza. Ukaingia kidogo, ukagota. Tundu la pili, vilevile. La tatu, vilevile.

"Kina ni kimoja," alisema.

"Ndiyo, mama. Ni wadudu wa aina moja."

Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, alilazimika kutazama ukutani.

"Kijana," yule mama alisema, na Zamani alikuwa na miaka arobaini na moja, "unajua tundu la dumuzi ni nini?"

"Ni tundu, mama. La dumuzi."

"Ni mlango wa kutokea. Mama yake hutaga mayai kwenye vinyweleo vya mbao. Buu linaanguliwa humo ndani, linakula miezi, linapinda huku na kule gizani, halafu likishakuwa mdudu mzima ndiyo linatoboa na kwenda zake. Waya wangu ungepinda. Hawa wako wameingia wima, wamefika ukutani, wakarudi kinyumenyume wameomba radhi." Akauzungusha waya, akaurudisha mkobani. "Mdomo wako ungenyooka kama matundu haya, ningenunua."

Akaondoka. Fundi alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kandambili.

"Endelea kucheka," Zamani alisema. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Mama Waya atarudi hapa kunipigia magoti."

Ilipita miezi sita. Zamani hakutoboa tena kitu kwa drili, na dada yake hakuuliza kwa nini. Alidhani fedheha imemkaa. Isitoshe, alikuwa na lake. Wodi ya wazazi ya zahanati ya jirani ilikuwa imemwagiza vitanda ishirini vya watoto wachanga. Hawakumwagiza Zamani, wala "karakana ya marehemu". Barua ilikuwa na jina lake yeye. Alikuwa amefika huko kupima nafasi, akaona vichanga wamelazwa kwenye makasha ya katoni yaliyotandikwa khanga, wawili wawili, miguu ya huyu usoni kwa huyu. Tangu hapo alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa.

Vitanda kumi na vinne vya kwanza vilikuwa vyekundu vitupu, moyo wa mti mwanzo hadi mwisho. Alipofika cha kumi na tano, mkononi alikuwa na ubao mpana ambao weupe wake ulipita katikati ya wekundu umenyooka vizuri, kama utepe wa maziwa. Alishika msumeno. Akautazama ule utepe. Akauranda, ukang'aa. Ubao wa kichwani wenye mstari mweupe katikati: nani angetengeneza kitu kizuri hivyo? Akaweka msumeno chini. Vitanda sita vya mwisho vyote vilikuwa na utepe, na kila asubuhi, vikiwa bado benchini, alipita mkono juu yake kabla hajaanza kazi. Mafuta ya kung'arisha angevipaka vyote siku moja, mwishoni, ili rangi ilingane. Akavipanga stooni, mbao tupu, vikingoja.

Muuguzi mkuu wa wodi angekuja Alhamisi kuvikagua na kuvichukua.

Jumanne asubuhi Fundi aliingia stooni kutafuta mafuta, akakanyaga kitu laini. Chini ya rafu ya Zamani palikuwa na vilima vidogo vya unga. Alichukua kidogo akausugua kati ya vidole viwili. Unga wa msumeno hukwaruza. Huu haukukwaruza, ulikuwa laini kama poda ya mtoto. Alisogeza macho juu. Masanduku matano ya Zamani yalikuwa yamefunikwa turubai, na juu ya turubai palikuwa na unga, na kwenye mikunjo ya turubai wadudu wembamba wa kahawia, wakubwa kama mbegu za ufuta, walikuwa wanatembea bila haraka, kama wenye nyumba.

Aliinua turubai. Katikati ya masanduku kulikuwa na gunia, na ndani ya gunia miguu mitatu ya kitanda kibovu iliyotobolewa mpaka ikafanana na chujio.

"Zamani!"

Alikuja na mswaki mdomoni.

"Hiki nini?"

Alitema povu kwenye kopo, akafuta mdomo, akatabasamu kwa fahari. "Vibarua."

"Nini?"

"Vibarua wangu. Niliwatoa kwa jamaa mmoja anayebomoa nyumba, wiki ileile Mama Waya alipotoka hapa. Nikawaweka hapa na masanduku, nikafunika. Hawali mshahara, hawaulizi likizo, hawatoboi kwa mstari. Njoo uone." Alimshika mkono akamvuta. "Ona hili tundu. Ona na hili. Limepinda! Chomeka kitu. Mama Waya nimeshamwita, anakuja mchana huu. Leo nataka nimwone uso."

Dada yake alinasua mkono wake, akakung'uta unga vidoleni.

"Umekodi dumuzi," alisema.

"Sijakodi, wamejitolea."

"Umekodi dumuzi ukawaleta kwenye stoo ya mbao."

"Sasa ningewaweka wapi? Sebuleni?"

"Watu wanaishi maisha yao yote wakikimbia dumuzi, wewe umewatengenezea kambi. Baba angekuwa hai..."

"Baba hakuwa na akili ya biashara, tusiseme uongo."

"Baba alikuwa hatupi mbao, mpumbavu wewe, alikuwa anatupa chakula! Masanduku yako yote ni weupe mtupu. Umewapikia wali, ukawawekea na mto wa kulalia. Unajua hawajui pa kuacha? Hawana mtu wa kuwaambia, jamani inatosha, limeshakuwa la miaka mia mbili."

Zamani alipangusa sanduku la juu kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemtuliza mtoto aliyetukanwa. "Umemaliza?"

"Sijaanza."

Lakini mlango wa mbele ulikuwa umegongwa. Mama Waya alikuwa ametangulia muda wake.

Zamani alilibeba sanduku moja mwenyewe, akalitua juu ya meza ya duka, akasimama pembeni kama bwana harusi. Fundi alisimama mlangoni palepale alipokuwa amesimama miezi sita iliyopita. Alikuwa bado na hasira, lakini hakuwa tayari kulikosa hili.

Waya uliingia tundu la kwanza, ukapinda. Tundu la pili, ukapinda upande mwingine. Yule mama alishusha miwani ya kichwani akaiweka juu ya ile ya machoni.

"Wa kweli," alisema.

"Mama, mimi sikubishana nawe siku ile," Zamani alisema kwa upole mkubwa. "Nilijua siku moja utakutana na kitu halisi."

"Wa kweli kabisa." Alipiga kifuniko kwa kidole cha kati, mara moja. Unga mweupe ukamwagika kutoka upande wa chini, ukaunda kilima kidogo juu ya meza. Kilima kikatikisika. Akatoka humo dumuzi mmoja, akajinyoosha, akaanza safari ya kuelekea mkoba wa mteja.

Mama Waya aliunyakua mkoba wake akaukumbatia kifuani.

"Wako hai!"

"Ndiyo uhalisi wenyewe huo, mama..."

"Nyumbani kwangu kuna viti vilivyokaliwa na watu waliokufa kabla ya reli, na wewe unataka kuniingizia hawa? Mimi nanunua kilichokwisha kufa zamani. Wewe unaniuzia kinachokula sasa hivi!" Aliliegemea sanduku kwa kiganja apate kugeuka, kifuniko kikaingia ndani kama biskuti iliyoloa chai, na mkono wake ukazama mpaka kiwikoni.

Fundi alicheka. Alicheka kwa sauti, ameshika mwimo wa mlango, machozi yanamtoka, na ndani ya kicheko kile mlikuwa na miaka yote ya minyororo na majani ya chai na babu wa babu. Zamani alikuwa anamvuta yule mama mkono kutoka sandukuni, huku akimpulizia unga kwenye mkono wa gauni, na kila alipopuliza alizidi kuupaka.

Mama Waya alijinasua. Akajikung'uta. Halafu akamgeukia aliyekuwa anacheka, akatazama juu ya bega lake, kupitia mlango uliokuwa wazi, mpaka stooni.

"Na wewe unacheka nini?" aliuliza. "Vile vitanda vidogo vyenye mstari mweupe ni vya nani?"

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilitoka kidogo tena, peke yake, kisha kikaisha.

"Vyangu," Fundi alisema.

"Basi kavitazame," alisema Mama Waya, akaenda zake, mkono mmoja mweupe.

Fundi alivitazama. Alivitoa nje uani, kwenye jua, kimoja kimoja. Kumi na vinne vyekundu alivipindua, akavigonga, akapita kucha kwenye kila kiungo: hapakuwa na kitu. Dumuzi walikuwa wametembea juu yake wakapita, kama watu wanavyopita kwenye mgahawa uliofungwa. Kisha akavishika vile sita. Matundu yalikuwa madogo, mviringo kamili, safi, na yote yalikuwa kwenye ule utepe. Kulikuwa na kitanda chenye manne, kingine tisa. Hakuna kilichosalimika. Alibonyeza utepe wa kitanda cha kumi na tano kwa kidole gumba, ule aliousugua kila asubuhi, na kidole kikaingia.

Alikaa chini kwenye maranda.

Dharau ni kitu chepesi kubeba ukiielekezea mtu mwingine. Siku ile aliigeuza ikamwangukia kifuani kama gogo. Alijua. Hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko dumuzi wenyewe. Kaka yake hakujua, alikuwa mjinga tangu utotoni na ujinga wake ulikuwa wazi kama duka lake. Yeye alijua, alishika msumeno, akauweka chini kwa sababu mstari ulimpendeza. Alikuwa ametengeneza urembo akauweka usawa wa kichwa cha mtoto wa siku moja. Na kuhusu yale masanduku aliyoyaita takataka: ni mikono ya nani iliyoyaunganisha weupe kwa weupe, ikawaandalia wale wageni meza ya kulia?

Zamani alitokea uani. Alikuwa ameshajiosha uso, na kama kawaida yake, aibu ilikuwa imemwisha pamoja na maji. Mkononi alishika kopo la maziwa.

"Dada," alisema, na alimwita hivyo pale tu alipotaka jambo, "usikae chini hivyo. Matundu yenyewe madogo. Nta hii hapa, ulichanganya mwenyewe. Ukiongeza chokaa kidogo itakuwa nyeupe sawasawa na huo mstari wako. Unaziba, unapiga msasa, unapaka mafuta. Nani atajua?"

"Nenda huko."

"Nakusaidia."

"Umeshanisaidia."

"Sikiliza. Ni watoto wachanga. Wana kilo tatu. Hawarukiruki. Mtoto mwenyewe analala humo siku mbili, anakwenda kwao. Kitanda kitachoka wakati wewe na mimi tumeshasahau." Aliweka kopo karibu na goti lake, kwa upendo kabisa. "Ukimwambia yule muuguzi ukweli, hatachukua hata hivyo kumi na vinne. Atasema karakana ina wadudu. Na atakuwa na haki. Barua ile yenye jina lako hutaiona tena."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilimwingia. Zamani alikuwa na kipaji hicho: kwenye kapu zima la upuuzi aliweka jambo moja la kweli, juu kabisa.

Jumatano Fundi hakwenda popote. Alichukua kopo. Aliyeyusha nta, akatia chokaa, akaziba tundu moja kwenye kitanda cha kumi na tano. Akapiga msasa. Akapaka mafuta kwa kitambaa. Alipomaliza, alifumba macho akapapasa, akafumbua akatafuta, na hakuliona tundu. Kazi ilikuwa safi mno. Alirudi nyuma hatua mbili na kukunja mikono, na akiwa amesimama hivyo, mikono kifuani, akajiona. Alikuwa amesimama vilevile kama Zamani.

Aliishusha mikono haraka kama aliyeguswa na moto.

Muuguzi mkuu alifika Alhamisi saa nne. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye viatu vyeupe na tabia ya kubonyeza kila kitu kana kwamba ni tumbo. Zamani alimlaki barabarani, kwa shati lililopigwa pasi.

"Karibu sana, Sista, karibu. Vitanda ishirini, kama ulivyoagiza. Utaona vingine vina utepe wa asili, hiyo tumeongeza kwa mapenzi tu..."

"Wewe ndiye fundi?"

"Mimi ni kaka wa fundi."

"Basi ngoja hapo."

Uani, vitanda kumi na vinne vilikuwa vimepangwa kwenye mistari miwili. Sita vilikuwa peke yake, karibu na ukuta. Fundi hakusalimia sana. Aliogopa kwamba akianza salamu ndefu ataishia kwenye habari za utepe wa asili.

"Sista, hivi kumi na vinne ni vizima. Hivi sita vina dumuzi."

Zamani alikohoa kwa nguvu.

"Dumuzi wametoka wapi?" muuguzi aliuliza.

Fundi alimtazama kaka yake. Alimpa nafasi. Zamani alikuwa ameinama anakagua mshono wa shati lake, kwa umakini ambao hajawahi kuuweka kwenye kazi yoyote maishani. Dada yake alihesabu kimoyomoyo mpaka tano, kisha akaacha kumsubiri. Hakustahili hata sita.

"Waliletwa stooni," alisema. "Lakini hawakugusa kilichotengenezwa sawasawa. Hivi sita niliacha weupe wa mti. Najua hautakiwi. Niliuacha kwa sababu ni mzuri."

"Mbona siyaoni matundu kwenye hiki?"

"Hicho nilikiziba jana." Alikichukua kitanda cha kumi na tano, akaweka viganja viwili upande huu na huu wa ubao wa kichwani, akasukuma. Haukulia hata mlio wa kuvunjika. Ulitoa sauti ya kitu kikavu kinachokunjwa, utepe ukaachia urefu wake wote, na nusu mbili nyekundu zikabaki mikononi mwake, huku unga ukimshukia kwenye vidole vya miguu. Aliviendea na vile vitano. Alipofika cha nne alikuwa analia, lakini mikono haikukosea.

Muuguzi alimwacha amalize. Kisha akavirudia vile kumi na vinne, akavibonyeza, kila kimoja, kichwani, miguuni, chini. Alichukua muda wa kutesa. Kwenye kimoja alipanda kabisa akakaa, na wote wawili, kaka na dada, walivuta pumzi.

Kitanda kilinyamaza.

"Hivi havitaingia wodini leo," alisema, bado amekaa. "Nina chumba tupu cha kuhifadhia. Vitakaa humo miezi mitatu juu ya karatasi nyeusi. Nikiona unga hata wa kutia kwenye jicho, nachoma vyote, na wewe hunijui sikujui. Nisipouona, naviingiza."

"Na sita?"

"Sita nakudai. Hivyo navyo, ukivileta, vitakaa miezi yake mitatu. Na hutavitengenezea hapa."

"Hapa hapafai, Sista, najua."

"Mimi nilikuwa naogopa ungeniambia ni utepe wa asili," muuguzi alisema akiteremka, bila kumtazama Zamani hata kidogo, akaenda kumwita dereva wa gari la mizigo.

Miezi mitatu. Vichanga wangelala kwenye katoni miezi mitatu zaidi, na hilo halikuwa la dumuzi wala la Zamani peke yake. Fundi alilijua, na alijua atalijua kila siku mpaka karatasi zile zikunjwe safi. Lakini alikuwa bado anadaiwa sita. Kudaiwa na mtu kama yule, aliona, ni karibu sawa na kuaminiwa.

Gari lilipoondoka, Zamani alijongea. Alikuwa na uso wa mtu aliyenusurika kwa akili zake mwenyewe.

"Umeona, dada? Nilikuwa najua. Mama yule ni mtu wa kuambiwa ukweli tu."

Fundi alipangusa pua kwa mkono wa shati. Alimtazama kaka yake kutoka kwenye kola iliyopigwa pasi mpaka kwenye viatu, akatafuta tusi linalomtosha, akaona yote yatampwaya. Akaenda stooni, akatoka akiburuta turubai lenye masanduku manne yaliyobaki, gunia la vibarua juu yake.

"Shika huko," alisema.

"Tunapeleka wapi?"

"Kwenye moto. Halafu tunarudi kuchukua rafu. Halafu sakafu unafagia wewe, kwa magoti, kila ufa."

"Hili shati, dada..."

"Livue."

Alilivua, akalitundika kwenye msumari kwa uangalifu, akarudi na kifua wazi akinung'unika juu ya masanduku ya miaka mia mbili yanayotupwa hivihivi. Alishika upande wake wa turubai. Walikuwa hawajafika katikati ya uani wakati sanduku la chini lilipoachia, likawa unga na bawaba, nao wakaendelea kuburuta.

"Inua upande wako," Fundi alisema.

"Nimeinua."

"Inua zaidi."